Umuhimu wa Nakala Rudufu za Mara kwa Mara katika Upangishaji wa Tovuti: Mafunzo kutoka Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala hii inajadili umuhimu wa kuchukua nakala rudufu za tovuti kwa utaratibu wa kudumu, kwa kuzingatia mazingira ya taasisi na wafanyabiashara wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria. Hoja kuu ni kwamba nakala rudufu huwa na thamani pale tu inapotimiza masharti matatu: iwepo, ikae mahali tofauti na kile inachokilinda, na ithibitishwe kuwa inaweza kurejeshwa. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha ajali mbili za majini zilizotokea katika ziwa hilo, ambazo zilidhihirisha gharama ya kukosa kumbukumbu, na matukio ya upotevu wa data katika seva yaliyotokea Ufaransa mwaka 2021, katika kampuni ya GitLab mwaka 2017 na nchini Kenya mwaka 2012. Makala inahitimisha kwa kupendekeza utaratibu unaoweza kutekelezwa hata na taasisi ndogo yenye bajeti finyu na mtandao wa kasi ndogo.

1.0 Utangulizi

Jiji la Mwanza ni kitovu cha biashara, elimu na usafirishaji katika Kanda ya Ziwa. Samaki na dagaa wanaoshushwa katika mwalo wa Kirumba husafirishwa kwenda mikoa mingine na nje ya nchi. Wanafunzi hufuata masomo katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilichopo Malimbe na katika chuo kikuu cha tiba kilichopo Bugando. Wasafiri wa kwenda Shinyanga na Geita huachana njia panda ya Usagara, wilayani Misungwi. Sehemu ya shughuli hizi sasa hupitia katika tovuti: matangazo ya udahili, oda za bidhaa, nafasi za vyumba vya wageni, tasnifu na habari za kila siku.

Hata hivyo, tovuti inayosomwa Mwanza si lazima iwe Mwanza. Mara nyingi huwa imewekwa katika seva iliyopo Dar es Salaam, Ulaya au Marekani, na mwenye tovuti hulipa kodi ya mwezi au ya mwaka kwa mtoa huduma ambaye hajawahi kuonana naye. Hali hii inazua swali la msingi: seva hiyo ikiharibika usiku wa leo, kitabaki nini mkononi mwa mwenye tovuti kesho asubuhi? Makala hii inalijibu swali hilo kwa kufafanua dhana zinazohusika, kuchambua matukio halisi, na hatimaye kueleza kanuni za utekelezaji.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

2.1 Upangishaji wa tovuti

Upangishaji wa tovuti ni huduma ambayo mmiliki wa seva humpa mteja nafasi ya kuweka mafaili na hifadhidata ya tovuti yake, pamoja na kuiunganisha na intaneti muda wote. Uhusiano huu unafanana na ule wa mwenye nyumba na mpangaji. Mwenye nyumba anawajibika kwa paa, kuta na umeme. Vyombo vilivyomo ndani ni vya mpangaji. Masharti ya huduma ya watoa huduma wengi hufuata mantiki hiyohiyo: hata pale mtoa huduma anapochukua nakala kwa hiari yake, mteja ndiye hubaki na wajibu wa mwisho wa kulinda maudhui yake.

Tovuti ya kisasa ina sehemu zaidi ya moja. Kuna programu inayoiendesha, kuna picha na nyaraka zilizopakiwa, kuna hifadhidata yenye makala, oda na majina ya watumiaji, na kuna mipangilio ya kikoa na barua pepe. Katika mfumo kama WordPress, maandishi ya makala hayakai katika mafaili, bali katika hifadhidata. Kwa hiyo, anayenakili mafaili pekee na kuamini kwamba ameihifadhi tovuti yake, atarejesha sura ya tovuti bila maneno yake.

2.2 Nakala rudufu

Nakala rudufu ni nakala kamili na inayojitegemea ya data, iliyochukuliwa kwa wakati unaojulikana, kwa lengo la kurejesha hali ya awali endapo data asilia itapotea au kuharibika. Istilahi nyingine inayotumika kwa dhana hiyo ni chelezo. Neno hilo lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Mwanza, kwa kuwa katika lugha ya majini chelezo ni chombo cha kuelea, na pia ni mahali meli inapoundwa au kupandishwa ili ifanyiwe matengenezo. Maana zote mbili zinasaidia kueleza dhana: kuna kinachobaki kikielea chombo kinapozama, na kuna mahali palipoandaliwa mapema pa kukirudisha chombo katika uzima wake.

2.3 Kisichokuwa nakala rudufu

Kuna mipango miwili ambayo huchanganywa na nakala rudufu. Wa kwanza ni kuunganisha diski kadhaa katika seva moja ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Wa pili ni kuwa na seva ya pili inayoiga kila badiliko linalofanyika katika seva ya kwanza. Mipango yote miwili hulinda dhidi ya kufa kwa kifaa, lakini hailindi dhidi ya kosa la binadamu. Mhariri akifuta makala kwa bahati mbaya, diski ya pili itaifuta papo hapo, na seva ya pili itafuata kwa utii uleule. Nakala rudufu hutofautiana na mipango hiyo kwa sababu imekatwa na wakati: yanayotokea leo hayawezi kubadili kilichohifadhiwa jana.

3.0 Kumbukumbu na Chombo: Mafunzo ya Ziwa

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wanaujua uchungu wa kumbukumbu iliyokosekana. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu walipoteza maisha. Orodha ya abiria ilikuwa na majina 443 ya daraja la kwanza na la pili, lakini abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kwa hiyo, idadi halisi ya waliokuwamo haikuweza kuthibitishwa kwa nyaraka. Huu ni mfano wa kumbukumbu ambayo haikuwahi kutengenezwa.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, ilhali waliofariki walizidi 200. Safari hii tiketi zilikuwa zimetolewa na kumbukumbu ilikuwapo. Hata hivyo, taarifa za siku zile zilieleza kwamba idadi kamili ya abiria ilikuwa vigumu kupatikana kwa sababu mtoa tiketi alikuwa miongoni mwa waliofariki na mashine iliyotunza kumbukumbu ilipotea katika ajali hiyo. Huu ni mfano wa kumbukumbu iliyokuwapo lakini ikasafiri katika chombo kilekile ilichopaswa kukitolea ushahidi.

Ajali hizi hazilinganishwi na kuharibika kwa tovuti kwa upande wa uzito wa msiba. Uhai haurejeshwi kwa nakala yoyote. Ulinganisho uliopo ni wa kimantiki. Familia zilizosubiri ufukweni zilihitaji jibu ambalo orodha iliyohifadhiwa nchi kavu ingeweza kusaidia kulitoa. Kumbukumbu isiyokuwapo na kumbukumbu iliyozama pamoja na chombo huwaacha wanaohitaji jibu katika hali ileile. Tofauti hiyo kati ya kutokuwa na nakala na kuwa na nakala mahali pasipofaa ndiyo msingi wa uchambuzi wa sehemu inayofuata.

4.0 Uchambuzi wa Matukio ya Upotevu wa Data

4.1 Nakala iliyokaa na asili yake: Strasbourg, 2021

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote na jingine liliungua kwa sehemu. Hakuna mtu aliyejeruhiwa. Kampuni ya Netcraft, inayofuatilia hali ya seva duniani, ilikadiria kuwa tovuti milioni 3.6 zilitoweka hewani. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirejea kazini. Wengine waligundua kwamba nakala zao zilikuwa katika kituo hichohicho. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru mteja mmoja aliyekuwa amelipia huduma ya nakala rudufu alipwe fidia, kwa kuwa nakala zake zilihifadhiwa katika jengo moja na seva yake na vyote viliungua pamoja.

Tukio hili lina mafunzo mawili. Kwanza, kulipia nakala rudufu si sawa na kujua ilipo. Pili, ingawa mteja alishinda shauri, hukumu ilimpa fedha na wala haikumrudishia data. Sheria huweza kugawa hasara, lakini haiwezi kuifuta.

4.2 Nakala isiyojaribiwa: GitLab, 2017

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, inayotunza kazi za waandishi wa programu, alikuwa akitatua hitilafu usiku. Alikusudia kufuta data katika seva ya pili, lakini amri yake ilitekelezwa katika seva kuu. Takribani gigabaiti 300 zilifutwa kabla hajaisimamisha. Kampuni hiyo ilikuwa na mbinu tano za kuhifadhi na kunakili data. Ilipozihitaji, ilibaini kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Programu ya kunakili hifadhidata ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe, hivyo ilikuwa ikishindwa kila siku. Na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa shughuli nyingine saa sita kabla ya tukio. Data ya saa hizo sita ilipotea moja kwa moja.

Fundisho la tukio hili ni zito kuliko la moto. Moto huonekana, lakini nakala inayoshindwa kimyakimya haionekani hadi siku ya shida. Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa data, usemi huo unahitaji nyongeza: akiba isiyofunguliwa huweza kuoza bila kutoa harufu.

4.3 Tovuti iliyovamiwa: Kenya, 2012

Mwezi Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya zilivamiwa kwa mkupuo na mdukuzi aliyehusishwa na Indonesia. Tukio hilo lilionesha hatari ya aina nyingine: seva ni nzima, umeme upo, lakini kilichomo ndani kimebadilishwa na mtu mwingine. Katika hali kama hiyo, swali la mtaalamu si kama kuna nakala, bali ni nakala ya lini ambayo bado ni safi. Programu hasidi huweza kukaa ndani ya tovuti kwa wiki kadhaa kabla ya kujidhihirisha. Taasisi inayotunza nakala ya jana pekee, kila siku ikiandika juu ya ile ya juzi, huenda ikawa inahifadhi uvamizi kwa uaminifu mkubwa.

4.4 Mipaka ya nakala rudufu

Ni muhimu kutambua kwamba nakala rudufu si dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha intaneti katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Mwezi Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya ulizidiwa na wimbi la maombi ya uongo na huduma zikasuasua. Katika matukio haya data haikupotea. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia. Hata hivyo, tukio la mikongo linatoa hoja ya ziada kuhusu mahali: mwenye tovuti ambaye nakala zake zote zipo ng'ambo hawezi kuzigusa siku ambayo njia ya baharini imekatika. Nakala moja iliyopo Mwanza, katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, humwezesha kuendelea na kazi zake za ndani.

5.0 Kanuni za Utekelezaji

5.1 Marudio

Marudio ya nakala hayapangwi kwa mazoea bali kwa kujibu swali moja: ni kazi ya muda gani ambayo mwenye tovuti yuko tayari kuipoteza? Chukulia mfano wa kufikirika wa mfanyabiashara wa dagaa anayepokea oda 40 kwa siku kupitia tovuti yake. Akichukua nakala mara moja kwa wiki, anajiweka katika hatari ya kupoteza hadi oda 280. Akichukua kila siku, hatari hushuka hadi oda 40. Tovuti ya shule inayobadilishwa mara moja kwa muhula haihitaji nakala ya kila saa. Inahitaji nakala kila inapobadilishwa. Neno “mara kwa mara” kwa hiyo lina maana tofauti kwa kila tovuti, na kosa ni kuliacha bila kulipa namba.

Kikwazo kinachotajwa ni kasi ya mtandao. Tovuti ya gigabaiti 2, ikisafirishwa katika njia ya megabiti 2 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa mbili. Lakini si lazima kunakili kila kitu kila siku. Mbinu ya nakala ya nyongeza huchukua tu kilichobadilika tangu nakala iliyotangulia. Ikiwa mabadiliko ya siku ni megabaiti 20, njia hiyohiyo itamaliza kazi kwa takribani sekunde 80. Nakala kamili inaweza kuchukuliwa mara moja kwa wiki, usiku ambao mtandao hauna msongamano.

5.2 Mahali

Kanuni inayojulikana sana ni ile ya tatu-mbili-moja, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: kuwe na nakala tatu za data, ikiwemo asilia, ziwe katika aina mbili tofauti za vifaa, na moja iwe nje ya eneo la zile nyingine. Kwa mazingira ya Mwanza, utekelezaji rahisi ni tovuti yenyewe katika seva ya mtoa huduma, nakala ya pili katika hifadhi ya mtandaoni ya mtoa huduma mwingine, na nakala ya tatu katika diski iliyopo ofisini. Jambo la kusisitiza ni kwamba nakala iliyomo ndani ya akaunti ileile ya upangishaji haihesabiki kuwa nje. Akaunti hiyo ikisitishwa kwa kodi iliyochelewa, au nywila yake ikiibwa, nakala huondoka pamoja nayo.

5.3 Vizazi vya nakala

Ili kukabiliana na uharibifu unaochelewa kugundulika, nakala za nyakati tofauti hutunzwa kwa pamoja. Mpango wa kawaida ni nakala saba za siku, nne za wiki na kumi na mbili za mwezi, yaani nakala 23. Kwa tovuti ya gigabaiti 2, hata kama kila nakala ni kamili, jumla haizidi gigabaiti 46, kiasi ambacho hutosha katika diski ndogo inayouzwa madukani.

5.4 Majaribio

Nakala huthibitishwa kwa kurejeshwa. Angalau mara moja kila robo mwaka, nakala moja ichaguliwe na kufunguliwa katika seva ya majaribio au katika kompyuta ya ofisini. Mtekelezaji aandike tarehe, muda uliotumika na kilichokosekana. Muda huo ndio jibu la kweli kwa mkuu wa taasisi anapouliza tovuti itarudi lini. Bila jaribio, jibu lolote ni matumaini.

5.5 Wajibu na sheria

Katika taasisi ndogo, tovuti nyingi hutengenezwa na fundi mmoja ambaye hubaki na nywila zote. Fundi akihama au akifariki, taasisi hubaki na tovuti isiyoweza kuifungua wala kuinakili. Kwa sababu hiyo, umiliki wa kikoa, akaunti ya upangishaji na nakala rudufu uandikwe kwa jina la taasisi, na watu wasiopungua wawili wajue namna ya kurejesha.

Aidha, suala hili si la kiufundi pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu kuzilinda, ikiwemo dhidi ya upotevu na uharibifu. Sheria hiyo pia inadhibiti usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi. Nakala yenye majina na namba za simu za wateja ni taarifa binafsi kama ilivyo asilia yake. Hivyo, inapaswa kufungwa kwa usimbaji fiche, kuwekwa mahali panapojulikana, na kufutwa muda wake unapokwisha. Diski isiyo na ulinzi iliyosahaulika katika basi huweza kuleta madhara makubwa kuliko seva iliyoungua.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeonesha kwamba thamani ya nakala rudufu haipimwi kwa kuwapo kwake pekee. Orodha ambayo haikuandikwa mwaka 1996, kumbukumbu iliyozama na kivuko mwaka 2018, nakala zilizoungua Strasbourg, na mbinu tano zilizoshindwa za GitLab, zote zinaelekeza katika masharti yaleyale matatu: kuwepo, kutengwa na kuthibitishwa. Nakala inayokosa sharti moja kati ya hayo humpa mwenye tovuti utulivu wa moyo, na utulivu huo ndio humzuia kuchukua hatua mapema.

Inapendekezwa kwamba taasisi na wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa waanze na mambo manne yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, waandike ni data ya muda gani wanaoweza kuvumilia kuipoteza. Pili, wamuulize mtoa huduma kwa maandishi nakala zao hukaa wapi na hutunzwa kwa muda gani. Tatu, watunze nakala moja mikononi mwao. Nne, wapange tarehe ya kuirejesha kwa majaribio kabla ya siku ya dharura. Vyuo vinavyotunza tasnifu mtandaoni vina sababu ya ziada ya kufanya hivyo, kwa kuwa kazi ya mtafiti huweza kuwa imebaki katika seva hiyo pekee. Kwa watafiti wajao, eneo linalohitaji kuchunguzwa ni namna mikataba ya upangishaji nchini Tanzania inavyogawa wajibu wa nakala rudufu kati ya mtoa huduma na mteja, na kiwango ambacho wateja huelewa mgawanyo huo kabla ya kulipa.